Taa Isiyo na Uso: Uvumi wa Mundele-Mwinda na Uchache katika Mchoro Unaojongea

Mhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili anapokutana na ngano hapati shida ya kujua inaanzia wapi na inaishia wapi. Fanani hufungua kwa fomula na kufunga kwa fomula, na hadhira hujua kwamba baina ya fomula hizo mbili sungura anaweza kusema na mti unaweza kutembea. Uvumi wa mjini hauna kinga hiyo. Husimuliwa kisimani, garini, kilioni. Msimulizi hutaja mtaa, hutaja usiku wenyewe, na aghalabu humtaja shemeji au jirani wa rafiki yake aliyeyaona. Katika uainishaji wa tanzu uliotolewa na Mulokozi katika jarida la Mulika mwaka 1989, mtu akitafuta mahali pa kuuweka uvumi wa namna hii ataning'inia kati ya soga na kisakale asitulie popote. Makala haya yanashughulika na swali moja linalotokana na hali hiyo: uvumi unapotolewa mdomoni na kutiwa katika mchoro unaojongea, tena mchoro wa mistari michache, ni kitu gani kinachopotea, na je, chaweza kurudishwa? Mfano utakaotumika ni uvumi wa mundele-mwinda, na mji utakaofikiriwa ni Kisangani.

Kwa Kilingala mundele ni mzungu, na mwinda ni taa. Katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji ilisimuliwa kwamba mzungu huyo hutembea usiku na taa yake. Mwanga ukimwangukia mpita njia, akili humtoka, miguu humfuata mwenye taa, naye haonekani tena. Simulizi nyingine ziliendelea hadi mwisho wa safari: aliyetekwa aligeuzwa nguruwe, au nyama ya mkebe. Uvumi huu ulikuwa na ndugu wengi. Katika Katanga walikuwako mitumbula, ambao Rik Ceyssens aliwachambua mwaka 1975 na kuwaona kuwa ni kisasili cha mtu aliyeonewa. Yakusu, kwenye ukingo wa Mto Kongo chini kidogo ya Kisangani, Nancy Rose Hunt alizikuta hadithi za tokwakwa, akazieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu uzazi na utabibu wa kimisheni. Katika Afrika Mashariki walikuwako mumiani, wazimamoto na chinjachinja; Luise White aliwaweka wengi wao katika kitabu kimoja mwaka 2000. Historia ya uvumi huu, basi, imekwisha andikwa na watu wenye ujuzi, na hakuna haja ya kuirudia hapa. Kinachomngoja mwanaisimu ni majina.

Majina haya yanashangaza kwa jambo moja: hakuna hata moja linalotaja uso. Mundele-mwinda ana chombo mkononi. Mzimamoto ana kazi yake. Chinjachinja ni kitenzi kilichorudiwa, na mutumbula nalo ni jina la mtenda lililojengwa juu ya kitenzi. Mumiani kwa asili ni dawa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza kuwa ni kitu cheusi mfano wa ulimbo, kilichotumiwa na Waarabu na Wahindi kwa tiba, na ambacho wengi walidhani kimetokana na damu ya binadamu. Popobawa wa Pemba na Unguja ni bawa tu, hata popo mzima hakupewa. Kila jina limechagua kipande kimoja likauacha mwili gizani. Ni kweli kwamba neno mundele hutaja rangi na hutaja cheo, na jambo hilo litarudiwa baadaye kwa kuwa lina uzito wake. Hata hivyo, yapasa kukubali kwamba waliotunga majina haya walikwisha fanya kazi ambayo mchoraji wa leo hudhani kuwa ni yake yeye: wamepunguza. Mchoraji anayeanza na mwili mzima kisha akafutafuta viungo ili mchoro wake uonekane wa kisasa hajalisikiliza jina.

Lakini jina halisafiri peke yake. Katika Kiswahili cha pwani uvumi hutanguliwa na eti, au inasemekana. Kisangani, ambako Kiswahili kinaishi nyumba moja na Kilingala na Kifaransa (Nassenstein amekieleza Kiswahili hicho kwa kirefu mwaka 2015), mtu husema banasema, na wale wanaosema hawaulizwi majina. Maneno haya madogo yana kazi kubwa. Humtenga msemaji na anayoyasema. Humwachia msikilizaji nafasi ya kucheka, au kuogopa, au kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Na zaidi ya yote huweka wazi kwamba habari imepita katika vinywa vingi kabla ya kufika. Mchoro hauna eti. Ukimchora mtu mwenye taa, mtu mwenye taa yupo. Hakuna kiambishi cha kutia kwenye mstari ili kumjulisha mtazamaji kwamba mstari huu ni wa kusikia tu, haukuonwa na aliyeuchora. Hiki ndicho kinachopotea uvumi unapotoka mdomoni, na uzuri wowote wa mchoro ambao haukulikabili tatizo hili ni uzuri wa pambo.

Huenda ikadhaniwa kwamba hili ni tatizo la darasani. Yaliyotokea Zanzibar mwaka 1995 yanakataa. Mwaka huo hofu ya Popobawa ilizuka Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiogopa kubaki peke yao vyumbani. Katika hofu hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyekuja Unguja kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati. Popobawa hakuwa na uso. Hofu ilipotaka uso ilichukua wa mgeni aliyekuwa karibu na asiyeweza kujieleza. Basi mchoraji anayempa kiumbe wa uvumi pua, paji na mwendo wa kumtambulisha anaufanyia umati sehemu ya kazi yake, hata kama nia yake ni kuburudisha watoto. Kwa sababu hiyo uchache katika kazi ya namna hii hauwezi kuamuliwa kwa kigezo cha mtindo peke yake.

Kongo si nchi changa katika sanaa ya kuhuisha michoro. Katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za Mboloko, yule swala mdogo mjanja wa ngano. Mwaka 1988 Jean-Michel Kibushi alianzisha Studio Malembe Maa mjini Kinshasa, na filamu yake ya mwaka 1991, Le Crapaud chez ses beaux-parents, ilitokana na ngano ya Watetela kuhusu chura aliyekwenda ukweni. Kazi hizi zimekaa salama ndani ya fomula za ngano. Hakuna chura wa mtaani atakayepigwa mawe kwa ajili ya chura yule. Iliyo karibu zaidi na suala la makala haya ni filamu fupi ya Kibushi ya mwaka 1992, Kinshasa, septembre noir, iliyotumia michoro ya watoto kueleza uporaji wa Septemba 1991. Hapo jambo lililotokea kweli, na lenye watu waliojulikana kwa sura, lilitiwa katika michoro isiyo na uwezo wa kumtambulisha mtu yeyote. Mchoro wa mtoto unaweza kusema askari. Hauwezi kusema askari yule. Wengi wameisifu filamu hiyo kwa usafi wa moyo wa watoto, sifa ambayo haina ubaya, lakini nguvu yake haitoki huko. Inatoka katika ufundi huo wa kutaja tendo bila kumtaja mtenda.

Kivuli hakitoshi kuwa jibu. Lotte Reiniger alipotengeneza kisa cha mwanamfalme Achmed mwaka 1926 alitumia vivuli vilivyokatwa kwa mkasi, kazi ya ustadi usio na kifani. Lakini kivuli cha ubavuni kina pua, na pua ni uso. Michoro ya mamba muntu nayo, iliyopendwa sana Lubumbashi katika miaka ya 1970, ilikwenda njia iliyo kinyume kabisa na uchache. Mwanamke wa majini huchorwa na mkia wa samaki, nywele ndefu, kioo, kitana, saa ya mkononi, na mara nyingi nyoka. Hakuna pembe ya kitambaa iliyoachwa tupu. Haifai kuilaumu picha hiyo kwa wingi wake. Ilining'inizwa sebuleni, ikatazamwa mwaka baada ya mwaka, na mwenye nyumba aliisimulia kwa wageni akionyesha kitu kimoja kimoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa eti ya picha. Mchoro unaojongea hauna mwenye nyumba. Hupita kwa sekunde chache mbele ya watu wasiojuana, ukaondoka.

Uchache unaoonekana siku hizi katika michoro ya matangazo na programu za simu ni wa aina nyingine: rangi bapa, vichwa vya mviringo, watu wasio na macho wala jasho. Huo ni uchache wa kutoudhi mnunuzi. Msanii wa Kisangani hana haja ya kuuagiza kutoka mbali, kwa kuwa eneo lake mwenyewe lina elimu ya uchache iliyo ya kale na ngumu zaidi, nayo ni ngomezi. John Carrington, mmisionari aliyekaa Yakusu miongoni mwa Walokele, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi ngoma ya gogo inavyosema kwa toni mbili tu, ya juu na ya chini. Konsonanti na irabu zote zimeachwa. Matokeo yake ni kwamba maneno mengi hulingana: songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, ngomani ni mlio mmoja. Walokele hawakuongeza toni ya tatu. Waliongeza muda. Neno mwezi ngomani hufuatwa na maneno mengine yanayosema kwamba unaitazama dunia kutoka juu, na kuku naye hupewa kishazi chake. Kila jina likawa refu, likarudiwa, hadi msikilizaji wa ng'ambo ya mto asikosee. Fundisho lake kwa mchoraji ni la kiufundi kabisa: alama zikipunguzwa, marudio hayana budi kuongezwa. Michoro mingi ya siku hizi hupunguza alama na muda kwa pamoja, kisha watu wakashangaa kwa nini imekuwa tupu.

Chukuliwe, basi, mchoro wa sekunde arobaini hivi kuhusu mundele-mwinda, uliokusudiwa watu wa Kisangani. Uwanja ni mweusi. Mstari mmoja mwembamba wa kulala ni ukingo wa mto. Juu ya mstari kuna nukta moja nyeupe. Nukta haitembei, inakua, polepole mno, na sauti ya nyayo inasikika, ya mtu mmoja peke yake. Kwa kuwa hakuna mtu aliyechorwa, nyayo hizo zinakuwa za mtazamaji, naye ndiye anayeifuata taa. Mwili wa mtekaji hauhitajiki, na mwili wa mtekwa hauhitajiki pia. Nukta inakua, inazimika. Inawaka tena mahali pengine kwenye mstari, nyayo zinageuka. Hapa ndipo marudio ya ngomezi yanapofanya kazi. Taa ikiwaka mara moja ni tukio. Ikiwaka mara tatu, na kila mara nyayo zikaifuata, ni sentensi. Na kwa kuwa ni nukta tu, kila inapowaka yaweza kuwa taa ya mvuvi mtumbwini, kurunzi ya mlinzi, au taa ya pikipiki inayokuja barabarani. Katika mji ambao mitambo yake ya umeme ya maporomoko ya Tshopo ilijengwa katika miaka ya 1950, na ambako mitaa ya Mangobo na Kabondo inalijua giza vizuri, hakuna mtazamaji asiyewahi kuuona mwanga wa pekee barabarani akajiuliza ni nani. Wasiwasi huo wa maana ndio eti iliyorudishwa. Mchoro hausemi kwamba mundele-mwinda yupo. Unasema kwamba taa ipo, na unamwachia mtazamaji kusema banasema kwa kinywa chake.

Kuna pingamizi zito. Uvumi huu haukuwa juu ya kiumbe yeyote wa usiku. Ulikuwa juu ya mzungu, katika nchi ambayo wazungu waliwatoza watu mpira, wakawakusanya kwa nguvu kwa kazi za migodi na barabara, wakawatoa damu hospitalini bila maelezo ya kueleweka. Kuufuta uso wa mundele si kuufuta ushahidi? Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na mchoro unaoishia kwenye nukta yoyote ile, isiyo na tarehe wala mwenyewe, unastahili lawama hiyo. Lakini jibu limo katika jina lenyewe. Ushahidi uko katika taa. Nyumba ya mtu wa kawaida wakati huo ilimulikwa na moto, au koroboi, ambayo mwanga wake ni wa manjano, hutetemeka, hulalia upande upepo unapopita. Taa ya mtawala, ya mmisionari na ya mfanyabiashara ilikuwa karabai: nyeupe, kali, isiyotikisika, yenye mvumo wa hewa iliyosukumwa. Tofauti ya nguvu za kikoloni inaweza kuelezwa kwa mwendo wa nukta mbili tu. Upande wa kushoto wa mstari ziwekwe nukta chache za manjano zinazotetemeka. Nyeupe itokee isitetemeke. Mvumo wa karabai usikike chini ya nyayo. Aliyekulia kwenye koroboi ataelewa mara moja ni nani aliyekuwa na mwanga wa namna ile, na asiyeielewa atauliza wazee, jambo ambalo ni bora kuliko kuonyeshwa kofia ngumu ya kikoloni na masharubu. Kofia ile imechorwa mno hata imegeuka kichekesho. Haimtishi mtu na haimshitaki mtu.

Kwa upande wa nyuso, eneo la Kisangani lina mfano mwingine unaopasa kutajwa. Wambole, katika chama chao cha lilwa, walichonga sanamu ziitwazo ofika: miili myembamba, mabega yaliyoinama, miguu inayoning'inia, uso uliopunguzwa hadi mistari michache. Wachambuzi wa sanaa huzisifu kwa uchache wake. Lakini sanamu hizo ni za watu walionyongwa kwa kuvunja miiko ya chama, na uso ule, ingawa ni wa mistari michache, umewekwa baada ya hukumu. Chama kilikuwa kimekwisha sema ni nani na kwa kosa gani. Uvumi haujawahi kuwa na baraza. Kuupa uso, hata uso wa mistari mitatu kwa mfano wa ofika, ni kutoa hukumu kabla ya kesi, na msanii anayetafuta sura ya kienyeji kwa kunakili sanamu hizo angefaa aangalie kwanza zilikuwa za nini. Jambo hili si la makumbusho tu. Tangu Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, kwenye ukingo wa kushoto wa mto, umewaua watu na kuwaleta wakimbizi wengi mjini Kisangani. Katika mji wenye kidonda hicho, alama yoyote ya mwilini, chale, namna ya kusuka nywele, hata lafudhi ya sauti inayosikika gizani, itasomwa kuwa ni ya kabila fulani. Mchoro unaotaka kuwatisha watu wa mtaa kwa starehe ya jioni unaweza kuwaonyesha jirani yao bila kukusudia.

Hilo la lafudhi linagusa suala la maneno. Je, mchoro uwe na msimulizi? Sauti ya mtu mmoja inayosimulia mwanzo hadi mwisho itaurudisha uvumi kwenye ngano na kumpa mtazamaji mahali pa kupumzikia. Afadhali sauti kadhaa, za wanawake na wanaume, za Kiswahili cha mji na za Kilingala, kila moja ikianza kusema banasema au balobi kisha ikakatwa kabla ya kufika kwenye habari yenyewe. Lafudhi zikichanganywa hivyo, hakuna kundi litakalobebeshwa uvumi peke yake. Maandishi kwenye kioo hayafai. Neno mundele-mwinda likiandikwa, nukta inapoteza uwezekano wake wote wa kuwa kitu kingine.

Linabaki suala la mwisho wa mchoro, ambalo kwa kazi za namna hii ni gumu kuliko mwanzo, kwa sababu michoro mifupi huchezwa kwa mzunguko, ikarudi ilikoanzia bila kusimama. Wengi huficha kiungo cha mzunguko kwa kuifanya picha ya mwisho ifanane na ya kwanza. Hapa ufundi huo ungeleta hasara, kwani nukta ikiendelea kuwaka kutoka mwisho hadi mwanzo mtazamaji ataizoea na ataacha kuifuata. Kiungo kiwekwe gizani: taa izimike, mvumo wa karabai ukatike, nyayo ziendelee hatua nne au tano juu ya uwanja mweusi, kisha nazo zikome. Kimya hicho kidumu kiasi ambacho anayetazama hatajua kama mchoro umekwisha au unaanza tena.